Mechi Iliyomzuia Bayi

Jumamosi ya tarehe 28 Oktoba 2023 sikukalika tangu alasiri. Nililipia king'amuzi mapema, nikaangalia mita ya umeme mara mbili, nikamwambia mke wangu kwamba usiku ule hakuna wa kunibandua sebuleni. Mechi ilikuwa saa nne usiku kwa saa zetu: fainali ya Kombe la Dunia la raga, Afrika Kusini na New Zealand, katika uwanja wa Stade de France, kando ya Paris. Hapa Morogoro ningeweza kuwahesabu kwa vidole watu waliokuwa wakiisubiri. Kibanda umiza cha jirani kilikuwa kimejaa vijana wa ligi ya Uingereza, na kelele zao zilitufikia hadi ndani.

Mjukuu wangu, yuko darasa la sita, aliniona nikizunguka akaniuliza, "Babu, sisi tuko upande gani?"

Nikamwambia asubiri. Si kwamba sikuwa na jibu. Jibu lilikuwa refu, na lilianzia kwenye mbio za miguu, siyo kwenye raga.

Tarehe 2 Februari 1974, Filbert Bayi, kijana wa Karatu mwenye miaka 20, alikimbia mita 1500 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch. Huko ni New Zealand. Alitoka mbele tangu bunduki ilipolia na hakumpa mtu nafasi hadi utepe: dakika 3, sekunde 32.16, rekodi ya dunia. Nyuma yake alikuwa mwenyeji, John Walker, ambaye naye aliivunja rekodi ya zamani lakini akaambulia nafasi ya pili. Wa tatu alikuwa Ben Jipcho wa Kenya. Mimi nilikuwa na miaka kumi. Shuleni kwetu kwa miezi mingi hakukuwa na mchezo mwingine wakati wa mapumziko. Tulichora mstari mchangani, mmoja akawa Bayi, na kazi kubwa ilikuwa kumpata wa kuwa Walker, maana kila mtu alikataa. Mara nyingi aliangukiwa aliyechelewa kufika.

Mwaka uliofuata ukatupa hamu zaidi. Mei 1975, huko Kingston, Jamaika, Bayi akachukua na rekodi ya maili, dakika 3 na sekunde 51. Miezi mitatu haikufika, Walker akajibu kule Göteborg, Uswidi: 3:49.4, mtu wa kwanza duniani kukimbia maili chini ya dakika tatu na sekunde hamsini. Basi ikabaki Montreal, Olimpiki ya Julai 1976. Wote wawili wangekuwapo. Baba yangu, fundi seremala, alinunua betri mpya za redio akazifungia kwenye kabati, na sisi watoto tulikatazwa hata kuligusa kabati lenyewe.

Betri zile hazikutumika kwa kazi iliyokusudiwa. Tanzania haikwenda Montreal. Baba alirudi jioni moja akasema Bayi hakimbii, kwa sababu timu ya New Zealand imekwenda Afrika Kusini kucheza na makaburu. Nikamuuliza inacheza nini. Akasema raga. Raga ni kitu gani? Baba hakujua. Tukamuuliza mwalimu aliyekuwa amepanga chumba cha uani, naye akasema ni mpira wa kushika mkononi, wa umbo la yai, lakini hajawahi kuuona. Mtaa mzima ulikosa mbio zile kwa ajili ya mchezo ambao hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuutia machoni.

Polisi wa Afrika Kusini walikuwa wamewapiga risasi wanafunzi wa Soweto tarehe 16 Juni. Majeruhi walikuwa bado hospitalini na maiti zingine hazijazikwa pale All Blacks, kama inavyoitwa timu ya raga ya New Zealand, walipofunga mizigo yao. Walicheza mechi yao ya kwanza huko kabla Juni haijaisha. Baraza Kuu la Michezo Afrika likasema New Zealand isishiriki Olimpiki. Kamati ya Olimpiki ikajibu kwamba raga si mchezo wa Olimpiki. Ni kweli haukuwamo tangu 1924, lakini hilo halikuwa jibu la swali lililoulizwa. Zaidi ya nchi 20, karibu zote za Afrika, zikabaki nyumbani au zikafungasha virago kule kule Montreal. Tarehe 24 Julai, wakati Olimpiki ikiendelea, Springboks, timu ya raga ya Afrika Kusini, waliwafunga All Blacks 16 kwa 7 mjini Durban. Wiki moja baadaye Walker alichukua dhahabu ya mita 1500 kwa 3:39.17. Mtu yeyote anaweza kuziweka saa hizo mbili pamoja, ya Christchurch na ya Montreal, akatoa.

Kususia kule kulikuwa sahihi. Niliamini hivyo nikiwa mtoto kwa sababu wakubwa walisema, na ninaamini hivyo leo kwa sababu nimefuatilia mwenyewe. Ila sipendi ikisimuliwa kana kwamba ni Serikali tu zilizojitolea. Aliyetoa ni kijana wa miaka 23 mwenye miguu ya aina ile, na miguu haingoji. Bayi alikwenda Moscow mwaka 1980 akarudi na medali ya fedha ya mita 3000 za kuruka viunzi na maji. Heshima kubwa. Lakini mbio za Montreal hazikurudi.

Raga yenyewe niliijua baadaye, na niliijulia Mazimbu.

Mazimbu ni shamba la zamani la mkonge, kando tu ya mji wetu. Nchi yetu iliwapa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, eneo lile, na tangu 1978 wakajenga hapo shule kwa ajili ya vijana waliokimbia baada ya Soweto. Waliipa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Palikuwa na madarasa, mabweni, zahanati, shamba, karakana. Baba alipata kazi karakana, na mimi nilipomaliza kidato cha nne nikawa namsaidia kupiga randa. Hapo ndipo nilipokutana na mwalimu wa hesabu ambaye baba alimwita Komredi, nami nikamwita hivyo hivyo hadi mwisho.

Komredi alikuwa mtu wa Cape Town. Sheria za kwao zilimweka fungu la machotara. Alizaliwa District Six, mtaa ambao serikali ya ubaguzi iliutangaza kuwa wa wazungu mwaka 1966 na kisha ikauvunja nyumba kwa nyumba. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota karakana na sokoni, lakini alikuwa haoni haya kukitumia. Siku moja alimletea baba mpira wa ngozi uliochanika mshono. Ulikuwa wa umbo la yai kweli, vipande vinne vya ngozi vilivyoshonwa kufuata urefu, na katikati ya mshono mmoja pana mdomo uliofungwa kwa kamba ya ngozi kama kiatu. Ngozi ilikuwa imekauka hadi kupasuka vimistari vidogo vidogo, kama udongo wa mfinyanzi. Baba aliupaka mafuta ya nazi siku tatu mfululizo kabla ya kuthubutu kutia sindano, kisha akaushona kwa uzi wa katani uliopakwa nta. Komredi alipoupokea aliunusa kwanza. Akatuambia, "Hii harufu ya Jumamosi."

Jumamosi aliyokuwa akiisema ni ya tarehe 8 Agosti 1970, uwanja wa Newlands, All Blacks na Springboks. Nimeisikia mechi ile mara nyingi hivi kwamba wakati mwingine najiona kama nilikuwapo. Wiki nzima kabla yake, alisema, kazini hakuzungumzwi kingine. Wazungu walisubiri Springboks wao. District Six walisubiri wageni. Mama yake alikaanga samaki usiku, wakafunga na mkate kwenye gazeti, wakaenda mapema kwa sababu sehemu waliyotengewa watu wa rangi ilikuwa ndogo na aliyechelewa aliambulia mgongo wa mwenzake. Walisimama. Timu ya nchi yao ilipoingia, wakakaa kimya. Waliovaa nyeusi walipoingia, sauti ikapasuka kutoka kwao, na wazungu waliokuwa wamekaa upande wa pili wakageuka kuwatazama. New Zealand walishinda 9 kwa 8.

Mimi nilimuuliza swali la kijinga: mtu anaishangiliaje timu ya kigeni inapocheza na nchi yake? Hakukasirika. Akasema, "Nchi yangu? Mimi sikuruhusiwa kuchezea ile timu hata ningekuwa bora kuliko wote." Yeye alicheza ligi ya mtaani, kwenye viwanja vya changarawe, na goti lake la kushoto lilikuwa na kovu refu la kuthibitisha.

Lakini nyumbani kwao jambo hilo lilileta ugomvi. Kaka yake alikuwa mwanachama wa chama cha raga kilichokataa ubaguzi, na msimamo wao ulikuwa kwamba mtu mwenye heshima hakanyagi Newlands kabisa, hata kwenda kumshangilia mgeni, kwa sababu tiketi yako inalisha meza ile ile inayokunyima chakula. Kaka hakwenda. Jioni Komredi alirudi nyumbani amepotewa na sauti kwa kushangilia, akamkuta kaka yake mezani, na hawakusemeshana mpaka Jumatatu. Aliniambia kwamba ilimchukua miaka sita kukiri kuwa kaka alikuwa na hoja.

Kulikuwa na jambo jingine alilolikumbuka kuhusu msafara wa 1970. Ule ndio ulikuwa wa kwanza ambapo New Zealand waliruhusiwa kwenda na wachezaji Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi yao. Tangu mwanzo ugomvi wa timu hizi mbili ulikuwa na sumu hiyo ndani yake. Zilikutana mara ya kwanza Agosti 1921, mjini Dunedin, New Zealand wakashinda 13 kwa 5. Katika msafara huo huo Springboks walicheza na timu ya Wamaori huko Napier na kuponea chupuchupu, 9 kwa 8. Mwandishi wa habari wa Afrika Kusini akapeleka simu ya maandishi kwao kulalamika kuwa amechukizwa kuona wazungu wa New Zealand wakiwashangilia watu wa rangi dhidi ya wazungu wenzao. Simu ile ilivuja, ikachapishwa. Ukiisoma leo unaona kwamba jambo lililomuuma mwandishi yule ni mashabiki. Alijua kucheza kunaisha baada ya dakika themanini, lakini kushangilia kunaonyesha moyo wa mtu ulipo.

Baada ya hapo New Zealand wakakubali masharti. Mwaka 1928 walimwacha nyumbani George Nepia, mmoja wa wachezaji wakubwa kabisa waliowahi kuivaa jezi nyeusi, kwa sababu ni Mmaori. Mwaka 1949 vile vile, wakafungwa mechi zote nne. Mwaka 1960 watu zaidi ya 150,000 wa nchi yao walitia saini kudai kwamba bila Wamaori kusiwe na safari, na timu ikaondoka bila Wamaori. Ilipofika 1970 serikali ya Pretoria ikapata ufumbuzi wake: Wamaori na Bryan Williams, kijana mwenye asili ya Samoa, wakaingizwa nchini kwa cheo cha wazungu wa heshima. Komredi alimwona Williams pale Newlands. Alikuwa na rangi kama yangu, aliniambia, lakini usiku ule analala hoteli ambayo mimi naingia kwa mlango wa jikoni.

Nilipomsimulia habari za Bayi na betri za baba alinyamaza muda mrefu. Kisha akanieleza alivyoipitisha Jumamosi ya tarehe 4 Septemba 1976. All Blacks walikuwa Newlands tena. Siku chache nyuma wanafunzi wa rangi yake walikuwa wameandamana hadi katikati ya jiji la Cape Town na polisi wakarusha mabomu ya machozi. Hakwenda uwanjani. Alikaa na kaka yake jikoni, redio imezimwa. Kelele za mashabiki zilipowafikia kwa mbali hawakuuliza nani kafunga. Mwaka uliofuata alivuka mpaka.

Kwa hiyo yeye alisusia Newlands mwaka ule ule sisi tuliposusia Montreal, na hakuna aliyemjua mwenzake. Tulipolitambua hilo, tukiwa tumekaa juu ya magogo ya mninga nje ya karakana, tulicheka kwa furaha kama watu waliogundua ni ndugu.

Julai 1981 nilimwona akisubiri mechi kwa namna ambayo sijaiona tena. Safari hii Springboks ndio waliokwenda New Zealand, na nchi ile iligawanyika nyumba kwa nyumba. Tarehe 25 mechi ilikuwa Hamilton. Afrika Kusini walikuwa na televisheni tangu 1976, na mashabiki waliamka saa kumi alfajiri kwa saa zao ili kuitazama moja kwa moja. Komredi hakuwa na televisheni, alikuwa na redio ya masafa mafupi, na hakutaka kusikia mchezo. Alitaka kusikia kwamba haupo. Alipata alichokitaka: waandamanaji walivunja uzio, watu mia kadhaa wakashikana mikono katikati ya uwanja, huku wenye tiketi wakiwarushia chupa. Ikaja habari kwamba kuna ndege ndogo imeibwa na inaelekea uwanjani. Mechi ikafutwa. Wale walioamka alfajiri Johannesburg na Pretoria waliona kwa macho yao wenyewe wazungu wa mbali wakikubali kupigwa ili wao wasicheze. Nelson Mandela alikuwa Robben Island wakati huo. Alipotembelea New Zealand mwaka 1995 aliwaeleza watu wa kule kwamba habari ile ilipowafikia gerezani, ilikuwa kama jua limechomoza.

Komredi alikuja karakana mbio mbio na mpira wake, akaturushia. Baba alikuwa na randa mkononi, akaudaka kwa mkono mmoja. Ndiyo mara pekee niliyomwona baba akicheza raga.

Mechi ya mwisho ya msafara huo, tarehe 12 Septemba, ilichezwa Auckland huku ndege ndogo ikizunguka juu ya uwanja na kudondosha mifuko ya unga. Mfuko mmoja ulimwangusha mchezaji wa New Zealand, Gary Knight. New Zealand walishinda 25 kwa 22 kwa penalti ya dakika za nyongeza. Baada ya hapo timu hizi hazikukutana kwa mechi rasmi kwa karibu miaka 11.

Julai 1992 ANC waliikabidhi Mazimbu kwa Serikali yetu, na sasa ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Makaburi yao bado yapo pale, yametunzwa. Komredi alirudi kwao. Alituachia mpira, akamwambia baba kwamba mshono ni wa baba, basi na ngozi iwe ya baba. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 15 Agosti, Springboks walirudi kwenye raga ya dunia dhidi ya All Blacks, uwanja wa Ellis Park. Ilikuwa imekubaliwa kuwe na dakika ya kimya na wimbo wa zamani wa taifa usipigwe. Ukapigwa, na maelfu wakauimba wakipeperusha bendera ya zamani. New Zealand walishinda 27 kwa 24. Sijui Komredi alikuwa wapi siku ile. Barua zake zilikuwa mbili tu, na hakuna iliyozungumzia raga.

Fainali ya Kombe la Dunia ya 1995, Afrika Kusini walipowashinda New Zealand, kila mtu anaijua: Mandela na jezi namba 6, Joel Stransky na teke lake katika muda wa nyongeza, 15 kwa 12. Niliisikia redioni. Sitaisimulia. Nitasema tu kwamba katika kikosi kile alikuwamo mchezaji mmoja peke yake asiye mzungu, Chester Williams, mtu wa Paarl, karibu na kwao Komredi. Na hadi leo, All Blacks wakienda Cape Town, utaona jukwaani watu wa mitaa ile wamevaa nyeusi, wazee kwa vijana, na kuna wenzao wanaowaita wasaliti. Mimi siwezi kuwaita hivyo. Mtu akikaa miaka mingi akirithishwa timu na baba yake, halafu ukamwambia asubuhi moja abadilishe, unamtaka asahau ni kwa nini baba yake alisimama upande ule.

Sasa rudi sebuleni kwangu. Saa nne kasorobo usiku. Nilikuwa nimeuteremsha mpira kutoka juu ya kabati. Ngozi imekuwa nyeusi kabisa, kamba ya mdomo imekatika pande mbili, uzi wa baba bado umeshika. Mjukuu aliupakata. Timu zikapanga mstari. Springboks waliongozwa na Siya Kolisi, mtoto wa Zwide, kule Port Elizabeth, nahodha wa kwanza mweusi katika historia yao, amevaa namba 6. Upande wa pili wakajipanga kwa ajili ya haka, ngoma ya Wamaori ya kabla ya mechi, na mvua ya Paris ilikuwa imelowesha kila kitu.

"Babu, hujanijibu."

Nikamwambia, "Sisi tuko na Kolisi. Lakini wale waliovaa nyeusi wakifunga utaniona nimesimama. Usinishangae. Kuna mtu namshikia nafasi."

Afrika Kusini walishinda 12 kwa 11. Katika kipindi cha pili Beauden Barrett aliufuata mpira uliodunda karibu na mstari wa pembeni, akauokota akafunga trai, ya pekee katika mechi nzima. Nilisimama. Mjukuu alinitazama, akasimama naye, mpira kifuani.